Muindi Mbingu na Shamba Lililochoka

Andiko la wiki: Mambo ya Walawi 25:1-7 na 23, Mathayo 11:28-30



Wengi wetu tumepita barabara ya Muindi Mbingu pale Nairobi. Ni ile inayopita City Market na bustani ya Jeevanjee, ambapo watu hununua maua ya harusi, na wakati mwingine ya mazishi. Nikiwa mwanafunzi wa biashara niliipita karibu kila wiki na sikuwahi kujiuliza huyo mtu ni nani. Kumbe ni mtu wa hapa hapa. Ni mtu wa Ngelani, kwenye milima ya Iveti, wale majirani zetu.

Nitawaambia mapema kwa nini nimemchagua. Mwezi uliopita kamati ya wazee ilinipa kazi ya kupiga hesabu ya lile shamba la nyuma ya kanisa. Mzee mmoja alikuwa amependekeza tulipumzishe mvua zijazo za Oktoba, tusipande chochote. Mimi nikatoa kompyuta, nikaweka mapato upande mmoja na gharama upande wa pili, na jibu likawa wazi: hasara. Jikoni kwa Sunday School hupata unga kutoka kwa shamba hilo. Nikaandika kwamba pendekezo lisikubaliwe. Yule mzee, ambaye ana umri wa babu yangu, hakubishana. Aliniambia tu nisome Walawi 25 polepole, halafu niulize watu wa Ngelani habari za Muindi na ng'ombe. Nimefanya yote mawili. Haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na andiko. Mungu anamwambia Musa kwamba watu watapanda shamba na kupogoa mizabibu miaka sita, na mwaka wa saba nchi itakuwa na sabato yake. Angalia vizuri, sabato hapa ni ya nchi. Siyo mkulima anayepewa likizo, ni udongo. Kutoka 23:11 inaongeza sababu: kile kinachoota chenyewe mwaka huo wale maskini, na kinachobaki wale wanyama wa mwituni. Halafu mstari wa 23 wa Walawi 25 unasema jambo ambalo sisi watu wa hati miliki hatupendi kulisikia, kwamba nchi haiuzwi kabisa kwa sababu ni ya Bwana, na sisi ni wageni na wapangaji tu. Katika sura hiyo hiyo ndipo kuna yubile, mwaka wa hamsini, ambapo aliyepoteza shamba la baba zake analirudia.

Nilisoma sura hiyo mara tatu kabla ya kuona kitu kimoja. Amri ya kupumzisha haipewi maskini. Anapewa mwenye shamba. Anayeacha ni yule aliye nacho, na anayekula ni yule asiye nacho. Na sabato ya shamba imefungwa pamoja na kurudishwa kwa shamba. Huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine. Shikilia hilo, maana ndilo tutakalolihitaji tukifika kwa Muindi.

Zamani wazee wetu walikuwa na pumziko lao la udongo, hata kabla hawajasikia habari za Musa. Mtu alilima mahali miaka kadhaa, mavuno yakipungua anafungua pengine na kuacha pale pa kwanza parudiwe na majani. Ng'ombe walipelekwa mbali kwenye weu, malisho ya wazi ya wote, tambarare za Yatta na kwingineko, na malisho ya karibu na nyumbani yakapata nafasi. Sisemi kwamba ilikuwa paradiso. Kulikuwa na ukame na njaa mbaya, kama ile ya Ngomanisye mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, iliyoua watu wengi sana. Lakini shamba lililochoka lilikuwa na mahali pa kupumzikia, kwa sababu mwenyewe alikuwa na mahali pa kuhamia.

Halafu wakaja Waingereza. Machakos ilikuwa kituo chao kikubwa cha bara kabla ya makao kuhamishiwa Nairobi mwaka 1899. Mipaka ikachorwa. Wakamba wakawekwa ndani ya rizavu, na nje ya mstari, kama kule milima ya Mua na tambarare za kuelekea Athi, wakapewa walowezi. Yatta ikawa ardhi ya serikali, na kulisha huko kukawa kwa ruhusa na malipo. Watu wakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, na mstari ukabaki pale pale. Wazee walipopeleka malalamiko yao kwa Tume ya Ardhi iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, sehemu kubwa ya kile kilichochukuliwa kilibaki kwa waliokichukua.

Sasa wewe mkulima nisaidie hesabu. Ukiondoa mahali pa kuhamia, shamba lile lile litalimwa kila mwaka. Ukiondoa weu, ng'ombe wale wale watakula majani yale yale mpaka mizizi. Mvua ikija inakuta mlima uchi. Ndivyo ilivyokuwa. Kufikia miaka ya 1930 milima yetu ilikuwa imejaa makorongo, udongo mwekundu unashuka na mito kwenda bahari ya Hindi. Mwaka 1937 ofisa wa serikali aliyeitwa Colin Maher aliandika ripoti juu ya mmomonyoko wa udongo katika rizavu ya Machakos, na picha aliyoitoa ilikuwa ya kutisha. Nataka kusema kwa haki: hakuwa anaongopa. Udongo ulikuwa mgonjwa kweli. Kuna watu wakisimulia habari za Muindi wanaruka hapo, wanafanya kana kwamba wakoloni waliota makorongo. Mimi siruki.

Shida ni dawa waliyoandika. Serikali iliamua kwamba chanzo ni ng'ombe wengi mno, na nchi lazima ipumzishwe kwa kuwapunguza. Kila eneo likapewa idadi ya ng'ombe linayoruhusiwa. Waliozidi wauzwe, mwenyewe apende asipende. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa inajenga kiwanda cha nyama pale Athi River, na kiwanda kinahitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Kozi ya kwanza kabisa niliyofanya chuoni ilitufundisha kwamba muuzaji aliyelazimishwa, kwa siku aliyopangiwa, mbele ya wanunuzi wachache, hana bei. Ana kile atakachopewa. Ng'ombe waliuzwa mnadani kwa bei ya aibu.

Na ng'ombe alikuwa nini kwa Mkamba? Tusimwangalie kama nyama ya kilo. Alikuwa akaunti ya akiba, alikuwa bima ya mwaka wa njaa, alikuwa mahari ya kijana. Alikuwa maziwa ya mtoto. Kufikia miaka hiyo alikuwa pia trekta, kwa sababu majembe ya kukokotwa yalikuwa yameenea Machakos, na mahali ambapo hakuna fahali wa kukokota, mama anarudi kwa jembe la mkono. Alikuwa pia mbolea. Hapo ndipo mimi hushangaa zaidi. Ili kuponya udongo walimwondoa mnyama ambaye samadi yake ndiyo huponya udongo, wakaacha mstari wa mpaka, ambao ndio uliouchosha.

Hapa ndipo anaingia Samuel Muindi Mbingu.

Jina la Samuel lilinifanya nifungue 1 Samweli 8, pale nabii anapowaonya Israeli juu ya mfalme wanayemtaka, kwamba atachukua mashamba yao mazuri na mizabibu yao awape watumishi wake, na makundi yao pia. Sijui kama kuna mtu aliyemsomea Muindi sura hiyo. Lakini watu wa Ngelani walikuwa wameishi karibu na misheni kwa miaka mingi, walikuwa wamesoma, walikuwa na ng'ombe na majembe, na serikali ilipokamata mifugo kwa nguvu iliwafikia huko huko Iveti. Mwaka 1938 wakaunda chama, Ukamba Members Association, na Muindi akawa kiongozi na sauti yake.

Nisifiche jambo moja, maana hili ni kanisa na tunasema kweli. Watu waliapishana kwa viapo vya jadi kwamba hawatashiriki katika kuuza ng'ombe wao. Sisi hatuhubiri hivyo na hatutaanza leo. Lakini kabla hatujawahukumu tujiulize ni mlango gani mwingine walikuwa wamebisha na ukafunguliwa. Walikuwa wameandika barua. Walikuwa wamepeleka malalamiko kwa ofisa wa wilaya, na yakaishia huko.

Tarehe 28 Julai 1938 wakashuka Nairobi. Wengine huhesabu watu elfu moja na mia tano, wengine elfu tatu. Walikuwa wanaume, akina mama na watoto, na Muindi mbele yao. Walitaka kumwona gavana mwenyewe, Sir Robert Brooke-Popham. (Huyo ni gavana wa koloni zima, wapendwa, siyo hawa wetu wa kaunti ambao angalau unaweza kuwapata kwenye mazishi.) Gavana hakutaka kuonana nao kwa namna hiyo. Akawaambia warudi nyumbani. Hawakurudi. Walikaa Kariokor kwa wiki kadhaa. Walipika hapo na kulala hapo.

Hebu fikiria mama wa Ngelani ameacha nyumba, amebeba mtoto mgongoni, amelala Kariokor kwenye baridi ya Agosti ya Nairobi, na hakuna mtu aliyerusha jiwe. Hakuna duka lililovunjwa. Nimeishi Nairobi na nimeona maandamano. Najua ni kazi kiasi gani kuwaweka watu elfu mbili mahali pamoja siku nyingi, wana njaa, wana hasira, na wasivunje kitu. Hiyo ni kazi ya uongozi, na kwa upande huo Muindi ananipita mbali. Mimi kuwapanga mashemasi ishirini Jumapili ya Pasaka hunitoa jasho.

Walipata msaada wa Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na habari zao zikafika hadi Uingereza. Kulikuwa na jambo lingine lililowaogopesha wakubwa. Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari wa King's African Rifles na ya polisi, na kule Ulaya vita ilikuwa inanukia. Hakuna serikali inayotaka kumnyang'anya baba ng'ombe huku mtoto wake ameshika bunduki yake.

Mwishowe gavana alikubali kuja Machakos. Mwezi wa Agosti alifanya baraza hapa. Hakusema maneno waliyotaka kusikia. Muda si mrefu baadaye Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, bila kesi ya kueleweka, ili milima itulie. Lakini milima haikutulia. Kabla ya mwaka kuisha serikali iliacha kuuza mifugo kwa lazima, na ng'ombe waliokamatwa na hawajauzwa wakarudi kwa wenyewe.

Kwa hiyo ng'ombe walirudi nyumbani na mtu aliyewapigania hakurudi.

Nimekaa hapo kwa maombi siku kadhaa. Lamu ni mji mzuri, lakini kwa mtu wa Iveti ni ng'ambo kabisa. Ni bahari badala ya milima, ni samaki badala ya maziwa, ni watu wa lugha na dini nyingine. Huko hakuwa na shamba la kulima wala baraza la kuhutubia. Mtu akimtazama kwa nje angesema alikuwa anapumzika. Biblia inajua pumziko la namna hiyo. 2 Mambo ya Nyakati 36:21 inasema Israeli walipopelekwa Babeli nchi ilifurahia sabato zake miaka sabini, zile zote ambazo wenyewe walikuwa wameinyima. Nchi ilipumzika, ndiyo, lakini ilipumzika kwa sababu watu wametolewa. Walawi 26 ilikuwa imeshaonya hivyo. Ukikataa kupumzisha kwa kutii, pumziko litakuja kwa njia nyingine, na hiyo njia nyingine ina machozi.

Tofauti na Israeli, aliyehamishwa 1938 siyo yule aliyeinyima nchi sabato yake. Waliochora mstari walibaki mashambani mwao. Sasa rudi kwa Walawi 25 uone kwa nini nilikuambia ushikilie. Kwa Mungu, aliye nacho ndiye huacha, na asiye nacho hula. Kwa serikali ile asiye nacho ndiye aliachishwa, na aliye nacho akala kwa bei ya mnada. Waliita hiyo kupumzisha nchi. Lakini ukimwekea mnyonge peke yake gharama yote ya pumziko, huyo hujampumzisha, umemwongezea mzigo, na udongo wenyewe haukubali. Tutaona sasa hivi kwamba haukukubali.

Muindi aliachiliwa miaka ya 1940 akarudi nyumbani. Aliuawa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, siku ambazo watu wengi waliuawa na majirani wakaogopana. Hakuona uhuru. Hakuona jina lake kwenye kibao cha barabara ya Nairobi, mahali ambapo leo watu huuza maua.

Na hakuona milima ikipona. Hii ndiyo sehemu ya hadithi ambayo sikuitegemea, na ndiyo iliyovunja hesabu zangu.

Baada ya vita ya pili ya dunia serikali ilirudi na mpango mpya. Safari hii ilikuwa matuta, watu wakachimbe kwa lazima chini ya machifu. Wakachimba kwa kinyongo. Ukienda vijijini mwetu wapo wazee ambao mama zao waliwasimulia habari za asubuhi zile. Lakini katika miaka ya 1950 kitu kikabadilika. Watu waliachiwa zaidi kuchagua namna ya matuta wanayotaka na watu wa kufanya nao kazi, na wakarudi kwenye kitu chao wenyewe, mwethya, ule mkono wa pamoja wa majirani. Akina mama ndio waliobeba. Leo shamba la mama huyu, kesho la yule, kwa nyimbo. Unachimba mtaro, udongo unautupa juu, mvua inakuja inasawazisha mwenyewe mwaka baada ya mwaka. Ndiyo fanya juu, na jina hilo sasa linajulikana hata nchi za mbali, wanalitumia kwa Kiswahili hivyo hivyo.

Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na mwenzao Mkenya Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya wilaya ya Machakos ya zamani, ile iliyokuwa pamoja na Makueni. Mwaka 1932 ilikuwa na watu kama 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Kwa mawazo ya wale maofisa, nchi hiyo ilipaswa kuwa jangwa. Lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua, si kuongezeka. Miti ilikuwa mingi zaidi kuliko kwenye picha za zamani. Mlima uliokuwa uchi ulikuwa na ngazi za matuta mpaka juu, na samadi ya ng'ombe wa zizini inapelekwa shambani kwa toroli.

Hii haina maana kwamba kila shamba letu leo ni zima. Mnajua wenyewe. Tumegawanya kwa watoto mpaka robo ekari, tunapanda mahindi Machi, tunapanda mahindi Oktoba, samadi tunauza, matuta ya bibi tumeyaacha yabomoke kwa sababu kijana yuko Mlolongo anaendesha boda. Siku hizi ni sisi wenyewe tunaochosha shamba. Hakuna Mwingereza wa kulaumu.

Kwenye biashara tulifundishwa kitu kinaitwa uchakavu. Ukinunua gari la kazi, kila mwaka unaandika kwamba thamani yake imepungua kidogo, la sivyo vitabu vyako vinakudanganya kwamba una faida. Nilipoirudia hesabu ya shamba la kanisa niliona sikuwa nimeandika uchakavu wa udongo. Tumelipanda mahindi miaka saba, mvua mbili kila mwaka, bila kuacha. Msimu wa kwanza tulitoa magunia kumi na manane. Msimu uliopita tulitoa saba. Faida niliyoiona kwenye kompyuta ilikuwa ni udongo tunaoula.

Na hapo ndipo Roho alinigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa, maana shamba siyo kitu pekee tunachokipanda misimu yote bila kuacha. Ratiba ya kanisa hili niliitengeneza mimi. Jumatatu vikundi vya nyumbani, Jumatano maombi, Alhamisi kwaya, Ijumaa kesha, Jumamosi usafi na mazoezi, Jumapili ibada mbili. Kuna akina dada humu ndani wanapika, wanaimba, wanafagia, na asubuhi ya Jumatatu wako sokoni saa kumi na moja. Mmoja wao alianguka jikoni mwaka huu wakati wa kongamano. Daktari hakupata ugonjwa wowote. Alikuwa amechoka. Mimi nilimtembelea nikamwombea apate nguvu arudi kazini. Nikiandika haya natubu, kwa sababu niliomba kama yule ofisa wa mnada. Nilitaka mzigo uendelee kubebwa.

Yesu katika Mathayo 11 anawaita waliochoka na waliolemewa, na anawaahidi raha nafsini mwao. Lakini angalia anawapa nini mkononi. Anawapa nira. Watu wa Ngelani wa 1938 wangeielewa picha hiyo kuliko sisi, kwa sababu walikuwa na fahali wa kulima. Fahali mchanga hafungwi peke yake. Unamfunga na yule mkubwa anayejua kazi, na uzito wa jembe uko kwa yule mkubwa. Mdogo anatembea tu kando yake na kujifunza. Ndiyo maana nira hiyo inaitwa laini. Jembe lipo bado, na shamba lipo, lakini aliye na nguvu amechukua upande wa uzito. Ni ile ile Walawi 25, aliye nacho ndiye anayetangulia kubeba. Naye alienda nayo mpaka msalabani.

Mafarisayo nao walikuwa na sabato, nzuri sana kwenye karatasi, na katika Mathayo 23 Yesu anawaambia kwamba wanafunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, na wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Mchungaji anaweza kufanya hivyo. Mume anaweza kufanya hivyo, anarudi Jumapili kutoka kanisani anakaa kwenye kochi kwa sababu ni siku ya pumziko, na mama anaanza kuchambua maharagwe. Kwenye Kumbukumbu la Torati 5:14 amri inataja mtumishi, inataja mjakazi, inataja ng'ombe na punda, na inasema wote wapumzike kama wewe. Wewe mwenyewe na punda wako, siku moja.

Kuna ndugu ameniuliza kama tunarudi kwenye sheria. Hapana. Wakolosai 2 inasema sabato ni kivuli na mwili ni wa Kristo. Hatutampima mtu kwa kuacha shamba wala kwa kutoacha. Najua kuna mama humu mwenye robo ekari na watoto wanne, na huyo nikimwambia asipande Oktoba nitakuwa nimerudisha mnada wa 1938 kwa Jina la Yesu. Tusianze kwake. Yeye tutamtafutia samadi, na vijana wa kanisa wakamrudishie matuta kwa mwethya. Tuanze na kanisa, kwa sababu kanisa lina ekari moja na nusu na lina sadaka kila Jumapili.

Kwa hiyo nimeondoa barua yangu kwa kamati na kuandika nyingine. Napendekeza shamba la nyuma lisipandwe mahindi mvua za Oktoba. Mzee yule anasema tutie njahi na mbaazi tuziache zifunike udongo. Walawi kwa ukali wake inasema usipande kabisa. Hapo mimi na mzee hatujakubaliana, na mnaweza kutuamulia. Chochote kitakachoota, wajane na majirani waingie wachume bila kuandikwa kwenye daftari. Unga wa Sunday School ununuliwe na sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Nimepiga hesabu, inatosha kwa shida kidogo. Na kwa ratiba, napendekeza Jumatatu na Alhamisi zifungwe mwezi mzima wa Novemba, na dada wa jikoni wapumzike zamu mbili, zamu hizo zishikwe na kamati ya wazee na wachungaji, mimi nikiwa wa kwanza. Naweza kupika githeri. Kuhusu chapati siahidi.

Tutajadili Jumatano jioni baada ya maombi, ukumbi mdogo. Nitaleta hesabu zote mbili, ile ya kwanza na hii mpya, ili mwone nilipokosea. Wenye mbuzi pale nyuma ya kanisa waje pia, maana nao, kwa andiko, wana sehemu yao.